Kidole Gumba Kilichojifunza Kinyume

Mpaka leo nikikutana na kitu chenye vitufe viwili, hata swichi ya taa ya chumbani kwangu, nasimama kwanza. Shoga yangu mmoja aliniona nimeganda mbele ya ukuta akaniuliza kama naogopa umeme. Siogopi umeme. Nakiogopa kidole gumba changu cha mkono wa kulia, na ninayo sababu.

Nilikuwa mshika winchi kwenye duara moja la dhahabu, si mbali na Runzewe. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, na letu lilikwenda chini wima kama kisima, futi mia mbili na ushei. Winchi ni mota yenye ngoma iliyozungushiwa kamba ya chuma, na mwisho wa kamba kuna ndoano. Kila kinachoshuka na kila kinachopanda, maji ya kunywa, mawe, binadamu, kinaning'inia kwenye hiyo ndoano. Anayeamua kishuke au kipande nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mkononi nimeshika rimoti ya waya yenye vitufe viwili tu. Cha juu kinapandisha, cha chini kinashusha. Mtoto wa chekechea anaweza, ndivyo nilivyokuwa nikijitapa.

Chini ya shimo alikuwepo mdogo wangu wa kiume, wa tumbo moja na baba mmoja. Kazi yake ilikuwa matimba, yaani yale magogo yanayokingamizwa kwenye kuta za shimo ili udongo usimeze watu. Mimi ndiye niliyemtoa kijijini kwetu upande wa Shinyanga, mvua zilipogoma misimu miwili na pamba ikafa tukiiangalia. Siku tunaondoka mama alinishika mikono yote miwili akaniambia, kwa Kisukuma chetu cha ndani kabisa, kwamba ananikabidhi mtoto wake, na kwamba likimpata jambo ataniuliza mimi kwanza, Mungu atafuata. Mama yangu hana maneno mengi. Akisema, limekaa.

Na sikuanza kwenye winchi. Nilianza kwa kuwapikia wachimbaji ugali na dagaa, banda langu likiwa hatua chache kutoka mdomo wa shimo. Mshika winchi wa zamani alikuwa mtu wa kuondokaondoka, mara sigara, mara haja, na mara nyingi aliniachia rimoti nimshikie. Alipougua homa ya matumbo akarudishwa kwao, msimamizi alitazama huku na huku akaniona mimi. Weee! Kelele zilizopigwa siku ile! Wapo wachimbaji wanaoamini kwamba mwanamke akisogelea mdomo wa shimo dhahabu inakimbia. Niliwauliza, "Dhahabu ina miguu? Basi ikikimbia nitaikimbiza." Mdomo wangu hauna breki, nakubali.

Aliyemaliza ubishi ni mdogo wangu. Alisema mbele ya watu wote kwamba dada akiondolewa, naye hashuki, watafute fundi matimba mwingine. Fundi matimba mzuri haokotwi njiani, wakanyamaza. Lakini kunyamaza si kukubali. Nilijua wananingoja nikosee, mara moja tu, na kila asubuhi nilikaa kwenye kile kiti nikijua mambo mawili: kwamba maisha ya mdogo wangu yako kiganjani mwangu, na kwamba macho ya wanaume ishirini yako mgongoni mwangu.

Hapo mwanzo tulifanya kazi kwa masikio. Kulikuwa na kamba nyembamba iliyoshuka hadi chini, na huku juu imeunganishwa na nondo inayogonga kipande cha reli pembeni yangu. Ikigonga mara moja, simama. Mara mbili, pandisha. Mara tatu, shusha. Mota nayo ilikuwa na lugha yake. Ikipandisha mzigo inaguna kama mtu anayejitwisha gunia, ikishusha inapumua tu. Kwa miaka mitatu sikuwahi kuhitaji kuona kinachoendelea kule chini, na mzigo wangu haukuwahi kumgusa mtu hata kwa bahati mbaya.

Halafu mwenye duara akaleta kamera. Alikuwa ameziona kwenye maduka ya Kahama, zile za kuchungulia wezi, akasema dunia imebadilika na yeye hataki kusikia habari za kugonga vyuma kama enzi za babu. Tivii ikawekwa kwenye meza mbele ya kiti changu. Kamera ilitakiwa ikae chini kabisa, pembeni mwa shimo, nione ndoo inavyofika na mtu anavyoipokea. Kuifunga akapewa mdogo wangu.

Kule chini maji hayakauki, yanadondoka kutoka juu mchana kutwa. Kamera ikisimama kawaida, kioo chake kinajaa matone na picha inakuwa ukungu mtupu. Mdogo wangu akaona jambo rahisi: akaining'iniza kichwa chini, chini ya gogo, kama tunavyotundika taa ya chemli kwenye boriti, gogo liwe mwavuli wake. Kweli, picha ikaja safi, mtu unamhesabu hadi vifungo vya shati. Ila watu walikuwa wanatembea kichwa chini miguu juu. Tulicheka siku ile, jamani, mpaka msimamizi akakaa chini. Mchimbaji mmoja kutoka Kigoma akasema sasa tumepata duara la popo.

Mnaweza kujiuliza kwa nini hatukumpigia simu fundi aliyeuza kamera. Tulimpigia. Leo atakuja, kesho atakuja, baadaye simu ikawa haipatikani. Basi tukaigeuza tivii yenyewe! Tuliisimamisha kichwa chini juu ya meza, tukaiegemeza kwa matofali mawili, na picha ikakaa sawa kabisa. Tulijiona wajanja kuliko waliosoma. Siku ya pili upepo ulikuja na vumbi lake ukaibwaga, kona moja ya kioo ikapasuka. Mwenye duara alifoka, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa tivii yake tena. Ikarudishwa ilivyokuwa, na mimi nikaachiwa dunia iliyopinduka.

Wiki ile ya kwanza sitaisahau. Ndoo ikishuka shimoni, kwenye picha inapanda. Ikiyumba kushoto, kwenye picha inakwenda kulia. Macho yanasema hivi, mkono unasema vile, na mimi katikati nimekaa kama mwamuzi asiyejua mchezo. Nilikuwa nabonyeza kidogo, naacha, nabonyeza, naacha, ndoo inashuka kwa kwikwi na mdogo wangu kule chini anatikisa kichwa. Kichwa changu kiliniuma mpaka nikatapika nyuma ya banda. Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Walikuwa wanangoja neno hilohilo.

Dawa niliipata mwenyewe. Niliigeuza rimoti mkononi, waya ukaja upande wa juu, vitufe vikabadilishana nafasi. Kitufe cha kushusha sasa kilikuwa juu, karibu na kucha ya kidole gumba, na cha kupandisha kilikuwa chini, karibu na kifundo cha mkono. Kwa hiyo nikitaka ndoo iende juu ya picha, nilisukuma kidole kuelekea juu. Nikitaka irudi chini ya picha, nilikivuta kidole kuelekea kwangu. Macho na mkono vikapatana siku ileile. Niliona raha nikaimba.

Baada ya mwezi sikuiona tena kuwa ni picha iliyopinduka. Ilikuwa picha tu. Wageni wakija wanainamisha shingo wapate kumtazama mtu usoni, mimi nawashangaa wanahangaika nini. Kidole changu nacho kikawa hakiulizi. Kupandisha ni kukivuta kuelekea kwenye kifundo, basi, hata nikiwa napiga soga na mtu. Ile kengele ya nondo na reli tuliiacha, na mota sikuisikiliza tena, maana kompresa mpya ilikuwa inanguruma jirani na kwa nini nijichoshe masikio wakati naona? Mazoea yana taabu, lakini taabu yake huijui mpaka yaondolewe.

Asubuhi moja niliomba ruhusa nimpeleke binti yangu zahanati, alikuwa amechemka usiku kucha. Niliporudi, kama saa nne hivi, nilikuta fundi wa kamera amesimama kwenye meza yangu anafuta mikono. Amekuja hatimaye, mtanashati, viatu vimeng'aa. "Nimekurekebishia, mama," akaniambia. "Hata sikushuka. Ni kitu cha kwenye mipangilio tu, nimeigeuza picha kwa kubofya." Nikatazama. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwa miguu yake kama binadamu wengine. Nilipiga vigelegele! Nilimshukuru yule fundi, wabeja, wabeja sana, nikampa chai na kiazi. Nikaigeuza rimoti, waya ukarudi chini, vitufe vikakaa kama vilivyotengenezwa kiwandani. Kila kitu kilikuwa sawasawa sasa. Ndivyo nilivyodhani.

Ndoo ya kwanza ilikuwa tupu. Nilitaka kuipandisha, ikashuka. Nikaacha haraka, nikacheka peke yangu. Ya pili niliifikiria kabla ya kubonyeza, ikaenda vizuri. Ya tatu nayo nikaifikiria, nikawa najisemea kwa mdomo, juu ni juu, chini ni chini, kama mtoto anayesoma ubao. Jasho lilikuwa linanitoka kwapani ilhali jua lilikuwa bado halijawa kali. Nikaenda kwa msimamizi nikamwomba, kwa sauti ya chini, kwamba leo tushushe ndoo tupu tu, mzigo uanze kesho.

"Kwa nini?"

"Picha imegeuzwa. Mkono haujazoea."

Akacheka. "Mama winchi, umegeuziwa picha, hujageuziwa akili. Picha ilipokuwa ya popo ulifanya kazi, leo imekuwa ya watu ndiyo unashindwa?"

Wachimbaji wawili waliokuwa wanafunga magogo wakageuka kutusikiliza. Niliwaona. Mmoja alikuwa yule aliyepiga kelele kuliko wote siku napewa winchi, na uso wake ulikuwa umeanza kutabasamu. Nikarudi kwenye kiti. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na simtupii lawama fundi wala msimamizi. Ningeweza kusema naogopa. Mimi mwenye mdomo usio na breki, siku niliyotakiwa kuutumia, niliufunga kwa aibu.

Magogo saba yalifungwa pamoja yakatundikwa kwenye ndoano, marefu, yamesimama wima kama watu waliokumbatiana. Nikayashusha. Safari ndefu ilikwenda salama, kidole kwenye kitufe cha chini, macho kwenye tivii. Mdogo wangu alionekana amesimama chini ametazama juu, mikono ameikinga tayari kuyapokea. Ncha za magogo zikaingia kwenye picha kutoka juu. Zikashuka, zikashuka, halafu zikasimama. Gogo moja lilikuwa limeng'ang'ania kwenye matimba ya ukutani, juu kidogo ya kichwa chake.

Akanipungia mkono. Pandisha. Ishara ilikuwa wazi kabisa, mkono wake ulikwenda juu, na kwa mara ya kwanza tangu kamera ije nilimwona mdogo wangu akionyesha juu na mkono wake ukaenda juu kweli. Nikashtuka. Ni kitu kidogo sana, lakini kilinishtua. Na mtu akishtuka hafikiri, anafanya alichozoea. Kidole gumba changu kikavutwa kuelekea kwenye kifundo cha mkono.

Nikabonyeza, nikashikilia.

Magogo hayakusogea. Nikasema yamekwama sana haya, nikazidi kushikilia. Mdogo wangu akapunga tena, kwa nguvu. Ndiyo napandisha, nikamjibu mwenyewe, ngoja. Picha haikuniambia kitu, maana mzigo uliokwama huonekana vilevile, uuvute au uulegezee. Sijui nilishikilia kwa muda gani. Muda wa mwanamke kufunga kilemba, labda. Kilichonizindua ni kompresa. Mtu alienda kuizima ili aweke mafuta, pakawa kimya, na katika kile kimya nikaisikia mota yangu.

Ilikuwa haiguni. Ilikuwa inapumua.

Mungu wangu! Niliinua macho kutoka kwenye tivii nikatazama mdomo wa shimo. Kamba iliyotakiwa kukazwa kama uzi wa zeze ilikuwa imelegea, inayumba kama ya kuanikia nguo. Nilikuwa nimeilegeza juu ya magogo saba yaliyosimama juu ya kichwa cha mdogo wangu, na yakijinasua wakati wowote yataanguka urefu wote wa kamba niliyoilegeza.

Nilipiga ukelele aruke pembeni, lakini futi mia mbili hazisikii. Nikatazama rimoti na sikujua tena kitufe kipi ni kipi. Nawaambia ukweli, sikujua. Nilikuwa nimeshika vitufe viwili, kimoja kinaokoa kimoja kinaua, na kidole changu kilikuwa kimeshanidanganya. Nikaitupia tivii kisogo, nikakodolea kamba yenyewe macho, nikabonyeza kile kingine. Kamba ikaanza kurudi kwenye ngoma. Polepole. Sijawahi kuona mota mvivu kama ile. Inakaza, inakaza, imebaki kidogo inyooke, ndipo ikaruka mbele ya macho yangu na mtambo wote ukapiga mshtuko hadi kiti changu kikasogea. Magogo yalikuwa yamejinasua.

Nilipogeuka kwenye tivii hapakuwa na picha, ni vumbi na matone tu. Watu walikuja mbio. Msimamizi akashika ile kamba nyembamba ya kengele tuliyoitelekeza akaivuta, akaivuta tena. Mimi nilikuwa nimesimama, rimoti kifuani, na nilichokuwa nakiona si shimo bali uso wa mama. Sikulia.

Halafu nondo ikagonga reli. Mara moja. Baadaye kidogo, mara mbili.

Alipanda juu akiwa ameketi kwenye mkanda, ule wa kukalia unaotundikwa kwenye ndoano, ametapakaa tope, kisigino cha kushoto kimechubuka hadi nyama nyeupe inaonekana. Ndicho tu. Magogo yalikuwa yameanguka futi chache kabla kamba haijayakamata, na ncha moja ikampitia kisigino. Watu walimbeba. Na hapo ndipo lilipotokea lililonimaliza. Yule mchimbaji wa Kigoma, aliyekuwa amesimama karibu na mdomo wa shimo, akaanza kuwahadithia wenzake alichokiona: magogo yamejinasua, na mama winchi wakati huohuo alikuwa anavuta kamba kwa nguvu zote, akayadaka hewani. "Asingekuwa huyu mama tungekuwa tunachonga jeneza." Wanaume wakanipa mkono mmoja mmoja. Hata yule mwenye tabasamu baya alikuja, akainamisha kichwa, akaniambia shikamoo, na mimi sijamzidi hata miaka mitatu.

Nikasema marahaba. Sikusema kingine.

Habari zilimfikia mama kabla ya jua kuzama. Alinipigia simu akilia kwa furaha, akaniita mayu, akaniita mama yake mimi mwanawe, akasema amechinja jogoo majirani wale kwa ajili ya mikono yangu. Nilimwambia mtandao unakatika, nikakata. Kuanzia siku ile chakula kilinishinda. Nikilala naona ile picha imesimama, magogo yamekwama, na kidole changu kinabonyeza. Kuna siku nilijikuta nimekishika kile kidole kwa mkono mwingine, nimekibana, kama unavyomshika mtoto mtundu kanisani.

Wiki tatu mdogo wangu alikaa nyumbani anauguza kisigino. Ndani ya wiki hizo mke wake, aliyekuwa mjamzito, akajifungua, wakampa mtoto jina langu. Nilienda kumwona mtoto na khanga mbili, nikampakata dakika moja nikamrudisha, nikasingizia nina mafua. Mdogo wangu alinitazama tu.

Alirudi kazini. Nikamshusha. Kila asubuhi anakaa kwenye mkanda, ananiambia "Haya, dada," na mimi namshusha huku namtazama mwenyewe na kamba yake mpaka gizani, ndipo narudi kwenye tivii. Miezi minne nilifanya hivyo. Wachimbaji walinitania kwamba nimezeeka ghafla, nimekuwa mtu wa kusitasita. Walikuwa sahihi. Jinsi walivyozidi kunisifu ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu walikuwa wanakaa kwenye ule mkanda kwa kuamini jambo ambalo si kweli.

Siku niliyosema haikuwa na sababu maalumu. Ilikuwa Jumanne, mvua imenyesha, yeye ameshakaa kwenye mkanda, miguu inaning'inia shimoni, wengine wako mbali wanakunywa uji. Nikainua rimoti na kidole kikagoma.

"Haya, dada," akasema.

"Siwezi."

"Umeme umekatika?"

"Siku ile ni mimi," nikamwambia. Maneno yalitoka yote pamoja kama mtu anayetapika. "Magogo hayakujiangukia. Ni mimi nililegeza kamba. Ulisema pandisha, mimi nikashusha. Nilibonyeza kinyume, nikashikilia. Sikukuokoa. Nusura nikuue."

Hakushangaa. Alishika kamba kwa mkono mmoja akawa anajizungusha taratibu, hivi na hivi, akitazama viatu vyake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kamba, dada. Nilikuwa nimetazama juu. Nikaona kitanzi cha kamba kinanishukia pembeni mwa magogo, kinaongezeka, kinaongezeka. Kamba haijishushi yenyewe. Nilipunga tena nikaona bado, nikakimbilia kwenye njia ya pembeni tunamochimbia. Kisigino ndicho kilichochelewa."

Kumbe hata kile kidogo nilichokuwa nimebaki nacho, kwamba angalau nilirudisha kamba kwa wakati, hakikuwa changu. Alijiokoa mwenyewe.

"Mbona hukusema?"

Akaonyesha kwa kidevu kule kwa wanywa uji. "Niwaambie wale? Wangekufukuza siku ileile, na wasingesema ni kamera. Wangesema ni mwanamke."

"Na miezi yote hii unakaa kwenye huu mkanda?"

"Nitakaa wapi? Winchi ni yako."

"Huogopi?"

Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha puani tangu utotoni, halafu akaacha. "Naogopa, dada. Ukibonyeza tu naanza Baba Yetu. Nikimaliza naanza tena, mpaka miguu iguse chini. Siku nyingi inafika mara saba." Akaweka kofia yake sawa. "Haya, nishushe. Watu wanasubiri matimba."

Hasira zilinipanda, na sijui nilimkasirikia yeye au nafsi yangu. Miezi minne! Kila asubuhi mdogo wangu alikuwa anashuka kaburini akisali, anarudi jioni anakula ugali wangu anasema mtamu, ili tu mimi nisiambiwe neno na watu. Nilimwambia, "Toka hapo." Akasita. "Nimesema toka hapo, usinijaribu!" Akashika gogo la mdomo wa shimo akajivuta nje. Niliweka rimoti mezani, nikaenda kwenye banda la msimamizi, na nikayasema yote mbele ya wanywa uji, kwa sauti, bila kuficha hata ile asubuhi niliyoomba ndoo tupu nikachekwa nikanyamaza.

Yule wa tabasamu akasema, "Si tulisema? Mwanamke na shimo..."

"Kaa kimya!" nikamwambia. "Geuziwa wewe picha asubuhi, halafu saa tano tukupe roho ya ndugu yako uishike, tuone huo uanaume wako utabonyeza wapi." Msimamizi alitazama chini. Nilimwambia winchi nimeiacha, sitaki kubembelezwa, ila nina sharti moja: siku yoyote mtu akiigusa ile kamera, akiisogeza hata kidole kimoja, ndoo zishuke tupu mchana kutwa na kengele igongwe kama zamani. Aliitikia kwa kichwa. Mpaka sasa wanalifuata, na kengele wanaigonga kila siku, hilo nawapa.

Nimerudi kwenye sufuria zangu. Winchi anaishika yule wa Kigoma, mtu makini, mkono wake mzito lakini wa uhakika. Banda langu liko palepale, hatua chache kutoka mdomo wa shimo, na kila asubuhi mdogo wangu anapita kuchukua chai, ananiaga, anakwenda kukaa kwenye mkanda. Nasikia mota inaanza kupumua. Naweka mwiko chini, ugali uungue ukitaka, naanza Baba Yetu. Nikimaliza naanza tena. Juzi nilifika mara tisa ndipo nondo ikagonga reli mara moja, amefika chini.